Nani Alibeba Hatari? Miradi ya Masisi Tangu 1937



Ku kila fomu ya mradi inayofika Karuba kuna fasi moja ambayo komite nyingi zinairuka haraka. Imeandikwa "hatari za kijamii na za mazingira". Nimeona fomu ambazo walijibu kwa neno moja tu: "hakuna". Nyingine wameandika "usalama", kisha wakaingia ku bajeti, kwa sababu bajeti njo kila mtu anangojea. Siwalaumu. Fomu ni ndefu, siku ya mwisho iko mlangoni, na maneno yenyewe yanasikilika kama ya watu wa Kinshasa ao Washington.

Lakini jibu la swali hilo haliko Washington. Liko hapa, kwenye vilima vya kati ya Sake, Mushaki na Ngungu, na umri wake ni karibu miaka 90. Wenzetu waliorudi mwaka 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari, wanalijua hata kama hawajawahi kushika fomu. Wengi walikuta mtu mwingine analima fasi walipoacha maharagwe yao. Na mara nyingi mtu huyo si mwizi. Alipewa na mwingine, naye alipewa na mwingine, na ukiufuata mnyororo huo pole pole mpaka mwanzo, utakuta mradi. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike historia kuliko ripoti.

Mradi wa kuhamisha watu

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Komite ya Taifa ya Kivu, ile ambayo vitabu vinaiita CNKi. Kazi yake ilikuwa kugawia udongo wa Kivu Wazungu wa mashamba na kampuni zao. Masisi iliwapendeza sana: iko juu, kuna baridi, mvua haikosi, udongo ni wa volkano. Kahawa, chai na pareto vingestawi. Sheria waliyoikuta, tangu wakati wa Leopold, ilisema udongo "usio na mwenyewe" ni wa Leta. Usio na mwenyewe maana yake usio na nyumba wala shamba siku hiyo ya kupima. Kiraka kilichopumzishwa miaka mitatu, msitu wa kuwinda, fasi Bambuti walipopita kutafuta asali, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa wazi. Ukipenda, hiyo njo ilikuwa tathmini ya kwanza ya kijamii kufanyika kwetu, na ilifanyika bila mtu kushuka kwenye gari.

Mashamba yalihitaji mikono, na Wahunde wengi hawakuwa na haraka ya kwenda kufanya kazi ya mshahara kwenye udongo waliojua kuwa ni wa babu zao. Wakati huohuo Ubelgiji ilikuwa inatawala Rwanda kwa mamlaka iliyopewa na Shirikisho la Mataifa, na kule njaa ya 1928 na 1929, ile wazee wanaiita Rwakayihura, iliua watu wengi. Matatizo mawili, na wakubwa wakaona dawa moja. Mwaka 1937 ikaundwa Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, kwa kifupi MIB, ambayo ilifanya kazi mpaka 1955. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa Masisi, kwanza Gishari upande wa kaskazini, baadaye na fasi zingine. (Si Banyarwanda wote wa Kivu walikuja kwa njia hiyo. Wengine, kama wale wa Bwisha kule Rutshuru, walikuwako kabla wakoloni hawajachora mpaka. Ninalisema kwa sababu ku mikutano watu wanapenda kuchanganya.)

Tuutazame mradi huu kwa macho ya kazi yetu ya leo. Ulikuwa na tatizo la kutatua, yaani njaa na msongamano wa watu Rwanda. Ulikuwa na walengwa, wafanyakazi, viwanja vilivyopimwa, pesa za serikali na faida kwa mashamba. Kwenye karatasi nia yake haikuwa mbaya: watu walioshinda njaa wapate udongo, na Kivu izalishe. Mfadhili wa leo angeweza kuupenda. Mimi nimesoma mambo ya maendeleo ku chuo kikuu miaka mitano, na neno MIB sikulisikia darasani hata siku moja. Nimelisikia mara ya kwanza kwa mzee mmoja wa Mushaki, aliyenieleza yote tukiwa tumesimama kando ya barabara tunangojea motari.

Basi hatari zake zilikuwa nini, na nani alizibeba?

Ya kwanza ni ya ruhusa. Wabelgiji walijadiliana na wakubwa wa Bahunde, lakini ni majadiliano gani kati ya mtawala na mtawaliwa? Tena kwa desturi mwami ni mlinzi wa udongo, si muuzaji wake. Anayepokewa kwenye kilima anapata fasi ya kulima, anamheshimu aliyempokea, na uhusiano huo unaendelea kwa watoto. Kwa mwenyeji, basi, mgeni alikuwa amekopeshwa. Lakini yule aliyeletwa na MIB alikuwa ameambiwa na Leta kwamba hapa ni kwake, ajenge, azae. Alikuwa ameacha kila kitu nyuma. Wote wawili walisema kweli. Maelewano mawili tofauti yalipandwa kwenye kilima kimoja, na hakuna mtumishi wa mradi aliyeandika hata moja kati ya hayo.

Ya pili ni ya mamlaka. Gishari ilipewa kuwa na uongozi wake yenyewe, mbali na ule wa Bahunde. Wenyeji wakaona kwamba hawakutoa udongo tu, wametolewa na utawala. Halafu mwaka 1957 Wabelgiji wakaufuta uongozi huo na kuwarudisha watu wake chini ya usultani wa Bahunde. Sasa ni walioletwa waliojiona wametupwa. Kwa muda wa miaka 20 mradi mmoja ulifaulu kuumiza pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine, na miaka mitatu baadaye wenye mradi wakapanda ndege.

Ya tatu ni ya mazingira, na hiyo tunaiona kila Aprili. Miteremko yetu ilikuwa na msitu na mianzi. Ilikatwa kwa ajili ya mashamba makubwa, kwa ajili ya viwanja vya wahamiaji, na baadaye kwa ajili ya malisho. Sitasema mradi wa 1937 peke yake ulikata msitu wa Masisi. Lakini watu walipangwa kwenye miteremko mikali kwa hesabu ya familia ngapi zitaingia, bila hesabu ya udongo utashikwa na nini mvua ikinyesha.

Matokeo ya hizo hatari hayakungoja sana. Uhuru ulikuja 1960, na kati ya 1963 na 1965 Masisi ikaona vita vile vinavyoitwa vya Kanyarwanda, vya kugombea nani anatawala kilima na nani ni mgeni.

Ng'ombe, karatasi na salongo

Nitapita haraka kwenye miaka ya Mobutu, ingawa ingestahili andiko lake. Mnamo 1966 ilikuja sheria ya Bakajika, ikarudisha udongo mikononi mwa Leta. Tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya udongo tunayoitumia hata leo pamoja na marekebisho yake. Inasema udongo wote ni wa Leta. Raia anapata haki ya kuutumia tu, kwa karatasi. Na udongo wa desturi, yaani karibu wote tunaolima Karuba? Sheria ilisema amri ya rais itakuja kueleza hali yake. Hiyo amri haikutolewa. Wazazi wetu wengi wamezaliwa, wamelima na wamezikwa ndani ya hiyo nafasi tupu ya sheria.

Mwezi wa Novemba 1973 mashamba ya Wazungu yakachukuliwa na kugawiwa Wazaire, na waliopata ni wenye jamaa ku serikali na wenye pesa. Pareto na chai zikapungua, ng'ombe wakaongezeka. Hapa njo kulizaliwa jina zuri la Masisi kwa maziwa na jibini, ile inayoshuka mpaka Goma na Kinshasa. Ilikuwa mali ya kweli na sitaidharau. Lakini ng'ombe mmoja anahitaji nafasi ambayo ingelisha familia, na vilima vizima viliingia ndani ya konsesio za watu wachache wanaoishi mjini. Mkulima aliyebaki bila udongo alipewa kipande cha kulima ndani ya malisho, na badala yake anafanya kazi ya mwenye shamba siku kadhaa kila juma. Tuliipa hiyo kazi jina la salongo, lile lile la kazi ya umoja wa taifa. Wanachama wetu wengi wanaishi hivyo mpaka leo. Kumbukeni neno hilo, nitalirudilia nikifika ku miti.

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, teritwari ya Walikale, na baada ya siku chache yalikuwa yamefika Masisi. Maelfu walikufa, na waliokimbia walikuwa wengi zaidi. Si kwamba kila aliyeshika panga alikuwa anafikiri juu ya MIB. Kulikuwa na siasa ya wakati huo, na maneno ya uraia, na wakubwa waliowasha moto kwa faida yao. Lakini kuni zilikuwa zimekauka siku mingi.

Mugunga ilipofundisha dunia

Mwezi wa Julai 1994 zaidi ya watu 800,000 waliingia Goma toka Rwanda kwa muda wa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu kati yao kabla mwezi haujaisha. Mashirika yalikuja toka kila pembe, na kambi zikaota: Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga. Wengi wetu tuko na mjomba aliyefanya kazi ya kubeba magunia ku moja ya kambi hizo.

Kama kuna fasi ulimwenguni ambapo wenye misaada walijifunza kwamba msaada wenyewe unaweza kuzaa madhara, ni ile njia ya kati ya Goma na Sake. Waliofanya mauaji ya kimbari walikuwa ndani ya kambi pamoja na raia, na wakashika ugawaji wa chakula. Anayeshika orodha anashika watu. Mashirika mengine, kama tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières, yaliamua kuondoka kabla mwaka kwisha, kwa sababu waliona wanalisha wauaji. Kuhusu mazingira, mamia ya maelfu ya familia walipika kila siku kwa kuni, na kuni zilitoka ku mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Vilima vilivyokuwa kijani vikageuka kuwa vya visiki. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO ikaiweka Virunga ku orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Na sisi wa Masisi? Vita vya kambi vilipanda mpaka kwetu mwaka 1995 na 1996. Ng'ombe waliporwa mpaka malisho yakabaki matupu, na vijiji vikahama.

Mwaka 1996 ilitoka tathmini kubwa ya pamoja ya misaada ya Rwanda na nchi jirani, na mwaka uliofuata mashirika yakaanza kazi ya Sphere, zile kanuni zinazosema maji lita ngapi kwa mtu, choo kimoja kwa watu wangapi, na jinsi ya kusikiliza wanaosaidiwa. Kila mfanyakazi wa kambi, toka Haiti mpaka Bangladesh, anafundishwa kanuni hizo. Sehemu kubwa ya somo hilo lilipatikana Mugunga, kwa gharama ya watu waliokuwa huku. Ninaona haya mtu akija toka mbali kutufundisha Sphere Karuba kama kitu kigeni, na sisi tunaandika ku daftari kama wageni.

Barabara mbili

Tunaomba barabara kila mwaka, na tuko na haki. Viazi vya Ngungu vikikwama njiani siku tatu, chukudu haisaidii, na bei inaliwa na matope. Basi nitaeleza barabara mbili, kusudi tujue cha kuomba pamoja na mchanga na mawe.

Ya kwanza iko Uganda, toka Fort Portal mpaka Kamwenge, kilomita 66. Wenzetu waliokuwa wakimbizi kambi ya Rwamwanja wanaijua, kwa sababu Rwamwanja iko ndani ya wilaya hiyo ya Kamwenge, na toka 2012 ilipokea watu wengi wa Kivu ya Kaskazini. Benki ya Dunia ilikuwa inalipa. Wafanyakazi wengi wa kiume waliingia vijijini wakiwa na mshahara mfukoni, na wasichana wa shule wakatumiwa vibaya, wengine wakapata mimba. Watu wa Bigodi waliandika malalamiko. Mwezi wa Desemba 2015 Benki ikaufuta mradi mzima. Ku mpango wa mazingira na jamii kulikuwa na karatasi nyingi, lakini hatari ya wanaume mia kadhaa kulala karibu na shule haikuchukuliwa kwa uzito.

Ya pili iko karibu zaidi: Bukavu–Goma. Mwaka 2017 watu wa kando ya barabara hiyo waliandikia Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Walisema mawe yalichimbwa kwenye udongo wao bila malipo ya haki, wanajeshi waliolinda kazi waliwatendea raia ukali, na wanawake walipata dhuluma za kingono. Benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi mwezi wa Novemba mwaka huo, na ripoti ya Jopo ya 2018 ikaonyesha kwamba madhara yalikuwa makubwa. Hebu tufikiri: kuweka wanajeshi kulinda mitambo ilionekana ni njia ya kupunguza hatari. Na ilikuwa kweli, kwa mitambo. Kwa mama anayepita hapo na mzigo wake, ilikuwa hatari mpya. Hatari haikuondolewa, ilihamishwa tu mgongoni mwa mwingine.

Hilo Jopo lenyewe halikutoka mbinguni. Benki iliunda Jopo mwaka 1993, baada ya wanakijiji wa bonde la Narmada kule India kupinga bwawa lililokuwa linazamisha vijiji vyao mpaka dunia nzima ikasikia. Na baada ya Kamwenge, Benki iliweka kikundi cha kuchunguza dhuluma za kijinsia ndani ya miradi yake. Toka tarehe 1 Oktoba 2018 miradi yake mipya inafuata kanuni 10 za mazingira na jamii. Kanuni ya 5 ni juu ya kuchukua udongo na kuhamisha watu. Ya 7 inawahusu watu kama Bambuti, walioachwa nyuma toka zamani. Ya 10 inadai watu waelezwe na wasikilizwe, na kuwe njia ya kulalamika toka mwanzo mpaka mwisho wa mradi. Kazi za mikono mingi za STEP, ambazo Kivu imeziona kupitia Mfuko wa Jamii, ni za Benki hiyohiyo. Wafadhili wengine wana kanuni zao. Mwanachama yeyote anaweza kuziomba. Si siri.

Juu ya njia ya kulalamika, niseme lile ninaloliona kazini. Wanaleta sanduku la mbao, wanalipiga kufuli, wanalitundika ku ukuta wa ofisi ya shefu ao ya mradi wenyewe. Mama ambaye hajui kuandika atafanya nini? Na yule anayejua, atapita mbele ya macho ya watu wote akiwa na kikaratasi mkononi? Ufunguo anakaa nao nani? Mama mmoja aliniambia, "Ile sanduku iko ya kupigia picha." Afadhali mtu mmoja mwanamke na mmoja mwanaume, waliochaguliwa na wakaaji, wasiolipwa na mradi, wanaopokea malalamiko kwa mdomo na siku ya soko, na namba ya simu ya ofisi ya mfadhili mwenyewe iandikwe wazi.

Miti yetu

Sasa nifike fasi ambayo komite yetu inangojewa. Kuna pendekezo la kupanda miti ku miteremko ya Karuba, na watu wengi wamelifurahia. Mimi pia. Udongo unashuka, makala inapanda bei, na kila gunia linalotoka ku Virunga ni hasara kwetu sote. Toka 2007 WWF imeendesha EcoMakala, watu wapande miti yao wenyewe kusudi Goma ipike bila kumaliza mbuga, na maelfu ya hekta zimepandwa Kivu ya Kaskazini. Nimetembea ndani ya misitu hiyo ya mikaratusi. Ni kazi ya kweli.

Lakini mradi wa miti kwa asili yake unamwendea mwenye udongo. Na kwetu mti si mti tu. Maharagwe yanakaa miezi mitatu, hayaogopeshi mtu. Mti unakaa miaka kumi. Mtu akipanda miti fasi fulani, mbele ya baraza miti hiyo inasema ni yake. Ndiyo maana mwenye konsesio anamruhusu mtu wa salongo kupanda viazi, mahindi, mtama, lakini mti hapana. Kila mkulima wa hapa anaijua sheria hiyo, ingawa haijaandikwa ku sheria ya 1973.

Wekeni hayo pamoja na hali ya leo. Familia zimerudi, zingine zinarudi, zingine bado ziko Uganda ao Goma zinangojea kuona. Vipande vingi viko mikononi mwa yule aliyebaki ao aliyefika kwanza. Tukileta miche leo na kuigawa kwa anayelima fasi hiyo leo, tutakuwa tumeandika hati kwa mizizi. Aliyeko kambini atarudi mwaka ujao akute msitu kwenye kaburi la baba yake. Hatakwenda kumlalamikia mfadhili wa mazingira. Atakwenda kwa jirani yake, na tunajua inaishaje. Na mtu wa salongo, ambaye ndiye maskini kuliko wote na ndiye jina lake linaandikwa ku ripoti kuwa mlengwa, hatapata hata mche mmoja, ao atapanda na kufukuzwa miti ikikua. MIB nayo iligawa viwanja kabla ya kuuliza ni vya nani, na iliamini kwamba maswali hayo yatajibiwa baadaye.

Ninajua neno litakalosemwa: pesa zimepungua. Ni kweli. Toka mwanzo wa 2025, Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi yamefunga milango, na mradi mmoja ukija watu wanaona ukichelewa kusaini utakwenda kwa wengine. Mama mmoja ku mkutano wetu alisema wazi: "Mukiuliza sana, batapeleka projeti Rutshuru." Hofu yake iko na maana. Lakini ninyi wafadhili mnaosoma hapa, tafadhali muijue hofu hiyo, kwa sababu inawafanya watu waseme "ndiyo" ambayo si ndiyo. Juma mbili za kusubiri zikitolewa kwa maandishi toka mwanzo, bila tishio la kupeleka pesa fasi ingine, zitafanya kazi kuliko mafunzo ya siku tatu ku hoteli.

Ninachopendekeza kwa komite ni kazi ya miguu. Kabla ya miche, tuzunguke kila mteremko pamoja na majirani wa pande zote, wazee wa kila jamii, wanawake wajane, na wawakilishi wa Bambuti, ambao sheria ya Julai 2022 imelinda haki zao juu ya udongo wa mababu. Tuandike analima nani leo, alilima nani kabla ya kukimbia, na nani yuko mbali. Simu zipo, aliye Rwamwanja anaweza kuulizwa. Fasi yenye ugomvi isipandwe kwanza, ipelekwe kwa wapatanishi, kama zile komite za upatanishi zilizoundwa baada ya mapatano ya 23 Machi 2009. Ku konsesio, mwenye shamba asaini na mtu wa salongo, mbele ya mashahidi, miti ni ya nani, itakatwa lini, na mauzo yatagawanywa vipi. Asipokubali, miche iende kwingine, kandokando ya barabara na ku miteremko ya shule, makanisa na vituo vya afya, ambako hakuna ugomvi na udongo unashuka vilevile. Na fasi ile ya fomu tuijaze kurasa mbili nzima, kwa majina ya vilima.

Mkutano wa kujadili pendekezo hili utafanyika siku ya soko, kusudi na walio mbali wafike. Atakayeshindwa kufika atume neno kwa mjumbe wa kijiji chake. Walio na karatasi yoyote ya zamani ya shamba, hata risiti ya kodi ya wakati wa Wabelgiji ao barua ya shefu iliyopasuka, waje nayo. Tutaipiga picha na kuwarudishia palepale.